Mlegezo wa Nyumba ya Luika

Hata mumewe, aliyelala naye kitanda kimoja miaka thelathini na minane, alikufa bila kujua Bibi Luika, Tutu kwa lugha yao, alikuwa akilegeza vipi nyuzi za gitaa lake. Aliuliza mara moja tu, mwaka wa kwanza wa ndoa. Akaambiwa ale samaki wake.

Pale kijijini Keanae hilo halikumshangaza mtu. Gitaa la kwao halikazwi kama lile la redioni. Nyuzi hulegezwa, huu kidogo, ule zaidi, mpaka ukizipitishia kidole zote bila kubonyeza popote, zinaitikiana zenyewe. Kila nyumba ina mlegezo wake, na mgeni haonyeshwi, kama asivyoonyeshwa chumba cha kulala. Kwa hiyo Luika, kila akimaliza kupiga, alivizungusha ovyo vile vigingi vya kichwani mwa gitaa huku anatazama kando, ndipo akalitundika ukutani. Atakayelichukua akute takataka.

Mlegezo huo aliachiwa na baba yake kwa sharti moja, usitoke nje ya damu. Hapo ndipo palipomkosesha raha. Vifundo vya vidole vyake vilikuwa vimeanza kuvimba kama tangawizi, na damu yote aliyobaki nayo, ukiacha mjukuu anayenyonya, ilikuwa mwanawe Iokepa, kijana mwema, hodari wa kulima magimbi, ambaye akishika gitaa utadhani anapasua kuni. Alimfundisha miezi miwili. Wa tatu, mbwa alihama.

Palakiko, binamu yake wa upande wa mama, wa ng'ambo ya kijito, aliyajua hayo yote, na hakuwa mtu wa kuficha furaha yake.

“Dada Luika,” alimwambia siku moja, ameegemea nguzo ya baraza, “siku ukienda tukuzike na gitaa lako, au tulifugie kuku?”

“Nizikeni na masikio yako. Yamekaa ukutani kwangu miaka arobaini, yameshakuwa mali ya nyumba.”

“Nakuonea huruma tu, dada. Kwetu wanapiga watu watano.”

“Nimewasikia. Wote watano wanakosea pamoja. Hongera.”

Palakiko alipoondoka, Luika alikaa pale pale barazani akivitazama vidole vyake, kimoja kimoja, kama mtu anayekagua vibarua wazembe.

Palikuwa na mtu mwingine nyumbani. Hiwalani, mke wa Iokepa, aliletwa kutoka kisiwa cha Kauai na sanduku moja na gitaa dogo lililopasuka ubavuni. Mkazamwana mzuri, mwenye adabu, mkono wake wa chumvi haujambo. Ila damu ya Kauai ni ya Kauai. Luika hakuwahi hata kumfikiria.

Zilikuwa zimebaki siku tisa kufika karamu ya mjukuu kutimiza mwaka, Luika aliporudi kutoka kwenye magimbi, matope hadi magotini, akasikia nyuzi zikilia kwenye banda la kufulia. Akachungulia kwenye ufa wa mlango. Hiwalani ameketi juu ya beseni lililofudikizwa, gitaa la ukutani mapajani, lake dogo pembeni. Anapiga uzi wa hili, anakaza uzi wa lile mpaka sauti zifanane, kisha anahamia wa pili.

Alikuwa anaiba mlegezo. Mchana kweupe, tena na mtoto kalala kando yake.

Luika aliinua ngumi abishe mlango kwa namna ambayo Kauai wangesikia. Halafu akakumbuka. Kile alichokuwa akiiba mtoto wa watu ni takataka zake za jana.

Ilibidi arudi magimbini akachekee huko.

Siku zilizofuata alijipatia starehe. Kila alasiri alibeba ubao wake wa kupondea magimbi ya uji, akakaa nyuma ya banda, akaponda huku anasikiliza. Mwanzoni ilikuwa kama paka juu ya mabati. Kulikuwa na nyuzi mbili ambazo hazikupatana kabisa. Kila zikipigwa pamoja meno yalikuwa yanauma. Luika aliponda kwa furaha.

Kisha Hiwalani akaacha kuzipiga pamoja. Akawa anaigusa moja, anaiacha iseme hadi ichoke, ndipo anaigusa ya pili, kama mtu anayesuluhisha majirani. Ule uzi mnene, ambao Luika aliulegeza mno hadi ukawa unakoroma, ukapewa kazi: ukawa unatembea taratibu chini ya wenzake, hatua moja, hatua moja, kama mzee anayesindikiza harusi. Siku ya sita Luika hakucheka. Ya saba alisahau kuponda, magimbi yakakauka juu ya ubao, na Iokepa akala uji mgumu bila kuuliza.

Alitaka kumwambia. Lakini aanzie wapi? Kwamba yeye humchungulia?

Jumamosi ya karamu, nguruwe aliyeokwa ardhini alitolewa shimoni adhuhuri, majani yakifuka mvuke, watu wamejaa kwenye mikeka hadi ukingoni mwa maji. Desturi ni bibi ampigie mjukuu. Luika alilishusha gitaa lake ukutani, akajaribu kukunja vidole. Vilikataa. Akajaribu tena chini ya kanga ya mapajani ili watu wasione. Vikakataa tena.

“Tunamngoja nani?” Palakiko akauliza, mdomo umejaa nguruwe. “Au kwenu leo anaimba mtoto mwenyewe?”

Hiwalani akampa Iokepa mtoto. Akaenda ndani, akarudi na gitaa lake lililopasuka, akaketi mkekani bila kumtazama mtu usoni, akapiga.

Luika aliujua ule wimbo kupitia ufa, ila uani, penye watu, ulikuwa na mwili. Uzi mnene ukatembea. Zile mbili zenye ugomvi zikasema kwa zamu, na mwisho kabisa, kwa mara ya kwanza, Hiwalani akazipiga pamoja. Hazikuuma meno. Zilisimamisha nywele za mikono. Palakiko aliacha kutafuna, na huyo hata mazishini hutafuna.

“Miaka arobaini nasikiliza,” alisema taratibu, “sijawahi kuusikia hivi. Kumbe ndio mlegezo wa marehemu baba yako?”

Kichwa cha Luika kilivimba kuliko vidole. “Wa nyumba hii,” alisema. “Ulidhani wa nani?”

“Basi keti naye, mpige wawili.”

Watu wote wakamgeukia. Hiwalani akaangua kilio. “Mama, nisamehe. Niliuiba. Niliutoa kwenye gitaa lako.”

Luika angeweza kunyamaza. Angesingizia vidole vyake vilivyovimba, na wote wangemwamini. Baba yake angepata sifa hadi Kauai, na Palakiko angelala na njaa kwa wivu. Alimtazama yule binti anavyofuta pua kwa kiganja, akaona kwamba hiyo sifa ina mwenyewe.

“Hukuiba kitu,” alisema. “Baba yangu hakuwahi kuusikia. Hizo ni takataka nilizoviringisha mwenyewe, huku nawaza kitunguu, ili wezi kama Palakiko wapate tabu. Wewe umezigeuza kuwa hivi kwa siku tisa. Baba yangu, Mungu amrehemu, wake ulimchukua mwaka mzima, na alianza na gitaa zima.”

Kicheko kilichopanda pale kiliwatisha kuku. Palakiko alingoja kipungue.

“Kwa hiyo mpigaji wenu si damu yenu.”

“Yule mtoto anayepaka mafuta ya nguruwe kwenye shati la Iokepa ni damu ya nani?”

“Yako.”

“Imepitia tumbo la nani?”

Palakiko akatafuta mfupa wa kushughulika nao.

Luika akanyanyuka kwenye kiti, kazi ambayo magoti hayakuifurahia, akajishusha kwenye mkeka mbele ya mkazamwana wake, chini kabisa, mahali ambapo mbele ya watu hakuwahi kukaa tangu alipozaa. Akalaza gitaa lake mapajani.

“Huu wako unaitwa Hiwalani,” alisema kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya kijito. “Na kesho, milango imefungwa, nitakuonyesha wa baba. Sasa nifundishe. Naanza na uzi upi?”

“Mnene, Mama,” Hiwalani akasema, machozi bado yanamtoka. “Ulegeze. Zaidi. Hapana, Mama, zaidi ya hapo.”

Luika, ambaye tangu azikwe baba yake hakuwahi kuambiwa hapana juu ya gitaa, akaulegeza zaidi.