Kicheko cha Futi Elfu Ishirini na Tano

Mimi ni daktari, nasomea tiba ya marubani, na sikuja huku kwa kupenda ndege. Nilikuja kwa ajili ya kaka yangu. Alikuwa rubani. Siku ya mwisho mnara wa kuongozea ndege ulimwamuru ashuke, yeye akacheka redioni, akaimba, ulimi mzito; kanda yake tulisikilizishwa nyumbani. Ndege iliteketea yote, hakikubaki hata cha kupima. Watu wakasema alikuwa amelewa, na baba akaishusha picha yake ukutani. Kaka yangu! Mtu ambaye hata dawa ya kikohozi aliinusa kwanza.

Mwalimu wetu tunamwita Bwana Pumua, maana hana neno jingine. Alitufungia kwenye chumba cha chuma, hewa ikapunguzwa mpaka ikawa kama ya futi elfu ishirini na tano, akatuambia tuvue barakoa za oksijeni, tutoe saba kwenye mia, tena saba, tena saba.

"Kila mtu ana dalili yake," akasema. "Ijueni kabla haijawaua."

Nilijiona niko sawa kabisa, mambo safi. Nilipofika themanini na sita nikaanza kucheka, na Bwana Pumua akanivisha barakoa kwa nguvu. Baadaye aliniwekea sauti yangu waliyoirekodi. Kilikuwa kicheko cha kaka. Hata wimbo nilikuwa nimeuanza. Hakulewa, jamani! Alikosa hewa, na hakujua.

Niliiandikia kamati iliyochunguza ajali ya kaka, ikanijibu kwa mstari mmoja: faili limefungwa. Potelea mbali, nikasema, anayetakiwa kusikia ni baba tu.

Nilimkuta sebuleni akitengeneza redio.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

Nikamweleza yote, chumba, hewa, barakoa, kisha nikaweka simu mezani, nikamchezea ile sauti yangu. Alisikiliza mpaka mwisho, bisibisi mkononi. Sikuwahi kumwona amezeeka namna ile.

"Umesikia, baba? Ni vile vile alivyocheka kaka."

"Nimesikia. Lakini mwenye kukosa hewa hutapatapa, binti yangu. Hacheki."

"Baba, wallahi sikuonja kitu!"

"Hata kaka yako, alipokuwa hai, aliniapia hivyo hivyo."

Akainuka polepole, akaenda ukutani, akaitungua picha yangu ya kuhitimu, ile niliyovaa joho. Akaifuta vumbi kwa kiganja kabla ya kuilaza kifudifudi.

"Na wewe," akaniuliza, "umeanza lini?"