Nani Alifukia Mtini wa Bibi

Mwaka ule, kwenye tamasha la vijitabu hapa Toronto, kila meza ilikuwa na mama wa mtu. Sisemi akina mama waliokaa vitini, ingawa nao walikuwepo. Nasema mama wa karatasini. Kijana mmoja alikuwa amejaza kurasa zote habari za buti za baba yake. Meza ya pili dada mmoja alichora magomvi ya wazazi wake, jikoni mwote, sufuria kwa sufuria. Sisi tunaoandika vijitabu hivi wenyewe, tukavichapa wenyewe na kuvibana pini wenyewe, hatuna bosi wa kutuambia kwamba ukoo wetu haumhusu mtu. Basi tunasema yote, na watu wananunua.

Mimi nilimpeleka baba yangu, Hermínio. Binamu yangu Odília alimpeleka mama yake, ambaye ni shangazi yangu Zulmira. Tulikodi meza moja tukagawana nusu kwa nusu, kama wafanyavyo wengi. Tatizo ni kwamba hao wawili, ndugu wa tumbo moja waliotoka visiwa vya Azores wakiwa wadogo, walikuwa hawasemezani tangu mtini wa bibi ufe.

Mtini hauwezi baridi ya huku. Kwa hiyo kila Novemba, kabla ardhi haijawa jiwe, wazee wetu huufunga matawi kwa kamba, wakakata mizizi ya upande mmoja, wakaulaza kwenye shimo refu. Juu wanaweka mbao, zulia kuukuu, kisha udongo wa kutosha. Aprili wanaufukua na kuusimamisha. Bibi alifanya hivyo maisha yake yote, na kila aliyemwomba kipande cha kupanda alimkatia. Nusu ya mitini ya mtaa ule ni watoto wa mti wake.

Bibi alifariki Oktoba. Novemba ile baba, shangazi na jirani yetu mzee Carmelo waliulaza mti, wakaweka mbao na zulia. "Udongo tutamalizia," baba akasema. Hakusema nani. Aprili walipofika kuufukua, walikuta zulia tupu bila udongo, na chini yake mti mkavu kama kuni. Pale pale uani wakatukanana mpaka Carmelo akafunga dirisha lake. Matusi yalitoka ya kutosha. Maelezo hayakutoka hata moja.

Mimi ningewaacha wanune mpaka kiyama, lakini binti yangu Benedita alikuwa ameshaota meno na bado hajabatizwa. Kwetu hilo ni aibu. Nilimtaka shangazi Zulmira awe mama yake wa ubatizo, maana ndiye aliyenilea mama alipokuwa kazini. Baba alisema, "Huyo akiingia kwa mlango wa mbele, mimi natoka kwa wa nyuma." Shangazi akasema, "Kama Hermínio yupo, nitamwombea mtoto nikiwa nyumbani." Mume wangu, mtu wa amani, akapendekeza tumbatize mara mbili. Padri hakucheka. Mimi nililia chooni, na mtoto akalia nami.

Kwa kushindwa kuwapatanisha, Odília na mimi tukawarekodi. Mimi nilimkalisha baba gerejini, kati ya mapipa yake ya mvinyo, nikamwambia asimulie mti ulivyokufa. Odília akamkalisha mama yake. Tukaandika maneno yao kama walivyoyasema, kila mmoja akijiita "mimi". Tulikubaliana kutosomeana, ili kila mtu atetee wake kwa haki. Jalada langu lilikuwa na sepetu, la Odília tini lililopasuka. Lakini ndani tulitumia mashine moja ya kuandikia, karatasi moja ya kijani iliyokuwa rahisi dukani, na hatukuweka namba za kurasa. Namba za kurasa ni mambo ya ofisini.

Wenye fani wameshanicheka.

Jumamosi mchana tukaita marafiki kuja kuzunguka meza. Ndivyo tunavyofanya: mafungu ya karatasi yanapangwa ukingoni mwa meza, watu wanazunguka kama kwenye ngoma, kila mmoja akiokota karatasi moja kwa kila fungu, na mwisho wa mzunguko anasimama mwenye stepla. Mafungu yangu yalikaa upande wa dirishani, ya Odília upande wa mlangoni. Kisha ikaja sinia ya malasada za moto, yale maandazi yetu ya sukari, Odília akasogeza mafungu ili sinia ipate nafasi. Benedita akaanza kulia, nami nikaenda kumnyonyesha. Muziki ulikuwa mzuri. Watu walizunguka, wakala, wakabana pini. Hakuna aliyesoma kitu. Vidole vyote vilikuwa na sukari.

Jumapili, siku ya tamasha, tulipanga wazee wasikutane. Shangazi aje asubuhi, baba aje alasiri. Shangazi alifika na hereni zake za sikukuu, akasimama mbele ya meza yetu kama mwenye duka.

"Karibuni! Huyu hapa ni mimi," akawaambia wapita njia, akigonga kijitabu chenye tini. "Ukweli mtupu. Sikuongeza chumvi."

"Mama, kaa basi," Odília akasema.

"Nikikaa nani ataniona? Hebu dada, njoo nikusomee." Alikuwa amemnasa mwanamke mmoja mwenye miwani mikubwa. Akafungua katikati, akaanza kusoma kwa sauti ya kanisani:

"'Jumapili jioni nilipita kwa mama. Giza lilikuwa linaingia na theluji imeanza. Nikaona sepetu limesimikwa ardhini, na juu ya mpini glavu za Hermínio. Tangu utotoni Hermínio hatundiki glavu kabla kazi haijaisha. Na tangu utotoni yeye anamaliza, mimi naondoa vyombo. Nikalifuta sepetu, nikalirudisha stoo. Nikalizunguka tuta nikisali rozari, kwa ajili ya mama na kwa ajili ya mti.'"

"Jamani," mwanamke akasema.

"Ngoja, bado." Shangazi akahamia ukurasa unaofuata. "'Jumatatu nilikwenda kwa mama kumalizia udongo. Theluji ilikuwa imefunika kila kitu. Nikaona nyayo ndogo za dada yangu zimezunguka tuta...'" Akageuza kijitabu akatazama jalada, akarudi ndani. "Odília. Haya si maneno yangu."

Nikanyakua kimoja kwenye rundo langu. Jalada sepetu, ndani baba, ukurasa unaofuata shangazi. Nikachukua kingine, hivyo hivyo. Odília alikuwa ameshika vyake mkononi, uso umempauka.

"Sinia," akaninong'oneza. "Natércia, ni ile sinia."

"Vyote?"

"Vyote."

Nilitaka kuvikusanya nivifiche chini ya meza, lakini yule mwanamke mwenye miwani alikuwa ameshachukua chake na anaendelea kusoma mwenyewe, kwa sauti, akidhani ndivyo kilivyoandikwa: "'Sepetu limerudishwa stoo, tena limefutwa. Zulmira harudishi sepetu stoo kabla kazi haijaisha. Nikasema asante dada, nikaenda zangu kazini.'" Akainua macho. "Kumbe kila mmoja alijua mwenzake amemaliza! Masikini. Hawa ndugu waliaminiana mno."

Shangazi Zulmira akakishusha kijitabu. Alikuwa anatazama nyuma ya yule mwanamke.

Baba alikuwa amefika. Jumapili, maegesho ya mtaa ule ni bure mpaka saa saba mchana, na baba yangu hajawahi kuiacha nafasi ya bure impite kwa sababu ya mipango ya watoto. Alisimama na kofia mkononi na chupa ya mvinyo kwapani. Alikuwa amesikia. Najua alisikia, kwa sababu masikio yake yalikuwa mekundu.

"Ulisali rozari?" akauliza. "Kulizunguka zulia?"

"Nilijua ni udongo! Kulikuwa na theluji juu, ningejuaje?" shangazi akasema. "Na wewe, glavu ulitundika za nini? Umeanza lini kutundika glavu kazi haijaisha?"

Baba akakuna shingo. "Carmelo aliniita nikaonje mvinyo wake mpya."

"Mvinyo!"

"Nilisema nionje kidogo tu."

"Mama yetu hajapoa kaburini, na wewe unaonja! Na wa Carmelo, ule wa kusafishia sakafu!"

"Ulikuwa mbaya kweli," baba akakubali. "Ndiyo maana nilikunywa mwingi, nipate hakika."

Shangazi alijaribu kubana mdomo. Nilimwona anajaribu. Kisha kicheko kikamtoka puani, hereni zikacheza, na baba naye akaanza, na mara wote wawili wameshikilia meza yetu wanacheka huku wanalia, vijitabu vinaanguka chini. Watu wa meza za jirani wakasogea. Yule wa buti za baba yake akaja na kiti, shangazi akakataa kukikalia.

"Ungeniuliza tu, Zulmira," baba akasema, akijifuta macho kwa kofia. "Aprili ile. Ungeniuliza."

"Ungeniuliza wewe. Mimi nilidhani umeacha mti wa mama ufe makusudi, kwa kuwa funguo za nyumba niliachiwa mimi."

"Mti wa mama? Mimi?"

"Najua. Sasa najua." Akamvuta shati akamfunga kifungo cha juu kilichofunguka, kama vile ana miaka saba. "Mjinga wewe. Umekonda."

"Wewe hujakonda hata kidogo," baba akasema, akapigwa na kijitabu kichwani.

Nikaona huo ndio wakati wangu. Nikamtoa Benedita kwenye kigari, nikamweka mikononi mwa shangazi, mbele ya baba. "Haya," nikasema, "mlango wa mbele au wa nyuma?"

Baba alimtazama mjukuu wake, ambaye alikuwa ameshaikamata hereni ya shangazi na anaivuta kwa nguvu zake zote. "Wa mbele," akasema. "Wote wa mbele. Mwachie sikio, mtoto, hilo tunalihitaji kanisani."

Vijitabu vile tuliviuza vyote kabla ya saa za kufunga, vikiwa vimechanganyika hivyo hivyo. Watu walipouliza nani ni "mimi", baba na shangazi walijibu kwa pamoja, na kila mmoja alisimulia upya huku mwenzake anamkosoa. Odília aliwaza kuchapa upya kwa mpangilio wa sawa. Nikamwambia akithubutu nitamnyima malasada mpaka afe.

Waswahili husema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Sisi tulibatiza kwanza. Kisha baba na shangazi wakaenda kwa mzee Carmelo, ambaye mtini wake ulikatwa kwenye mti wa bibi, wakamwomba kipande. Aliwapa, na akawapa na mvinyo. Shangazi aliumwaga kwenye maua mzee alipogeuka.

Kipande kile sasa ni mti unaonifika kifuani. Novemba iliyopita tuliulaza uani kwangu, mbao, zulia, udongo, wote tukiwepo, mpaka Benedita na kijiko chake cha mchangani. Baba alitupa sepetu la mwisho la udongo. Shangazi akapanda juu ya tuta na viatu vyake vya kanisani akalikanyaga, kisha akamwamuru baba naye apande akanyage. Tukala, tukaagana.

Asubuhi yake nilisikia vishindo uani nikafungua pazia. Baba alikuwa amepiga magoti kwenye theluji, mkono umezama kwenye tuta mpaka kiwiko, anapima kina cha udongo. Shangazi Zulmira alikuwa ndiyo kwanza anaingia kwa lango la nyuma, na sepetu lake begani.

"Umefuata nini hapa?" baba akamuuliza.

"Kuhakikisha. Na wewe?"

"Kuhakikisha."

Wakatazamana. Shangazi akachuchumaa kando yake, akavua glavu, naye akauzamisha mkono. Sikuwaita ndani. Niliweka kahawa jikoni, nikawaacha wafukue mpaka walione zulia, waridhike, na waufukie tena pamoja.