Kibao cha Bi Nhạn

Khiêm, ofisa wa kata mjini Huế, alimwamuru Bi Nhạn aandike kibao cha Kiingereza ili watalii wajue ameacha kuuza tambi pale barabarani. Bi Nhạn alikuwa amesoma Kiingereza cha jioni miaka mitatu, akikaripiwa kwa kosa lilelile mpaka likamkaa kichwani. Akaandika: *I stopped to sell here.* Khiêm akakisoma, akakigonga mhuri.

Kesho yake alimkuta chini ya kibao, sufuria inafuka mvuke.

"Mama, huoni ulichoandika?"

"Nakiona, mwanangu. Ingekuwa *selling*, ningekuwa nimeacha kuuza. Hii *to sell* maana yake nilisimama hapa ili niuze. Sasa keti ule, au ubishane na mhuri wako."