Kamera Hutazama kwa Jirani

Zaria hakutaka kuvaa glavu ya pili. Lavonda Tibbs alimshika mwanawe mkono, akauingiza kwa nguvu, akafunga mlango kwa mgongo huku mfuko wa chakula ukining'inia kwenye kiwiko. Ilikuwa saa kumi na mbili kasoro dakika kumi. Baridi ilikuwa ile ya kukausha makamasi puani. Basi la kwanza lingepita pale kona saa kumi na mbili na dakika tano, na kabla ya hapo ilibidi mtoto awe ameshavuka barabara, ameshafika kwa Bi Ernestine.

Gari lake lilikuwa palepale mbele ya nyumba, limefunikwa theluji tangu Jumatatu. Wiki tatu zilizopita watu wawili walikuja na jeki na msumeno, wakakata masega ya ekzosi chini ya gari, kile kidude chenye madini ghali, wakaondoka nacho kwa muda usiotosha kuchemsha chai. Tangu hapo gari likiwashwa linanguruma kama trekta. Siku ya pili tu polisi walimsimamisha na kumwandikia faini ya kelele. Polisi haohao ambao hawakuwa na muda wa kumtafuta mwizi.

Na mwizi alionekana. Alionekana sura, kofia na namba za gari, kwa sababu Mtaa wa Tuxley mzima ulikuwa na kamera. Jiji lilizigawa bure mwaka jana. Ulitakiwa tu kubonyeza "nakubali" kwenye simu. Rogelio Bautista, fundi mabomba mstaafu wa nyumba ya kona, ndiye aliyezunguka na ngazi yake kuzifunga. Ndiye pia aliyeshauri kila kamera ielekezwe kwa jirani wa ng'ambo badala ya uani kwako.

"Kinyozi hajinyoi," aliwaambia. "Wewe linda mlango wa mwenzako, mwenzako alinde wako."

Kwa hiyo kamera ya Lavonda ilitazama nyumba ya Bi Ernestine, na ya Bi Ernestine ilitazama ya Lavonda. Hiyo ya Bi Ernestine ndiyo iliyowanasa wale wezi. Magari kumi na moja yalikatwa masega pale mtaani tangu Krismasi, na mara zote kumi na moja watu walipeleka picha polisi. Jibu lilikuwa moja: Tumepokea taarifa yako. Tafadhali usijibu ujumbe huu.

Lavonda alishuka ngazi akimvuta Zaria, akainua macho, akasimama.

Mbele ya nyumba ya Bi Ernestine kulikuwa na magari mawili ya polisi, taa za bluu zinazunguka kimyakimya juu ya theluji.

Mawazo yake yote yalikwenda kwa watoto. Pale ndani kulikuwa na watoto saba, pamoja na Zaria akishafika. Mama zao walikuwa wafagiaji, wapishi wa hospitali, madereva wa mabasi ya shule, watu wanaoingia kazini kabla jua halijatoka. Shule za watoto zenye leseni zilifungua saa moja na nusu, na ya karibu ilimwambia Lavonda arudi kuulizia Septemba. Bi Ernestine alikuwa na miaka sabini na moja. Alifungua mlango saa kumi na moja na nusu, uji wa shayiri ukiwa jikoni.

"Mama, mtoto huyu anaingia nyumba hii?" askari mmoja alimuuliza Lavonda alipovuka barabara, akimwangalia Zaria. Kifuani kwake paliandikwa Dunleavy.

"Anaingia. Kuna nini? Nani kaumia?"

"Hakuna aliyeumia."

Bi Ernestine alikuwa amesimama barazani na koti la marehemu mumewe juu ya gauni la kulalia, mikono kifuani. "Ingia mwanangu, usimsimamishe mtoto kwenye baridi," alisema. "Hawa vijana wamekuja kwa ajili ya maji."

"Maji gani?"

"Maji ya bomba. Yangu, ninayolipia."

Ndipo Lavonda akaelewa.

Jumatatu theluji ilipoanguka, Bi Ernestine alichimba nafasi ya gari mbele ya nyumba yake kwa koleo, peke yake, kwa saa mbili nzima, ili kina mama wapate pa kusimama wakishusha watoto. Alipomaliza aliweka pale kiti chake cha jikoni, cha chuma, cha njano, mguu mmoja umefungwa waya. Kila mtu Tuxley anajua maana ya kiti barabarani. Aliyechimba ndiye mwenyewe mpaka theluji iyeyuke. Huhitaji kuandika kitu. Ukitoa kiti cha mtu ukaegesha, unajitakia, na unachojitakia kinajulikana pia: maji. Ndoo mbili tatu jioni, asubuhi gari lako ni jiwe la barafu, utagonga milango yake mpaka mchana. Wazee walifanya hivyo, na wazee wao. Hakuna aliyewahi kuitiwa polisi.

Jumanne msichana mmoja mgeni, aliyekuja kumtembelea rafiki yake kwenye zile nyumba mpya za ghorofa mtaa wa nyuma, alikitupa kile kiti juu ya rundo la theluji akaegesha gari lake jeupe. Mama mmoja wa mtoto alilazimika kusimama katikati ya barabara, nusura agongwe na gari la kumwaga chumvi barabarani. Bi Ernestine alijaza ndoo.

"Lile gari ni la binti wa diwani," Dunleavy alisema. "Kioo cha mbele kimepasuka alipokuwa akijaribu kutoa barafu."

"Angetumia maji ya vuguvugu," Bi Ernestine alisema. "Kwao hawafundishwi?"

Askari wa pili alicheka, akajikohoza.

Dunleavy alitoa kibao cha kielektroniki, akakigeuza. "Huyu ni wewe, mama?"

Lavonda alisogea naye akaangalia. Bi Ernestine alionekana kwenye kioo cha kibao akishuka ngazi na ndoo, taratibu, mkono mmoja kwenye reli, akimwaga maji juu ya paa la gari jeupe kama anayemwogesha mtoto. Picha ilikuwa safi. Pembeni kulia, chini, kulikuwa na ncha ya bomba la mvua lenye kutu na kipande cha utepe mwekundu.

Utepe huo aliufunga Lavonda mwenyewe, wakati wa Krismasi.

"Hii imetoka kwangu," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Hii ni kamera yangu. Mimi sijampa mtu."

"Si lazima utoe. Kampuni inatupa tukiomba. Uliridhia wakati wa kuchukua."

"Nilibonyeza kwa ajili ya wezi."

"Ipo kwenye masharti, mama. Ukurasa wa tisa."

Bi Ernestine hakumwangalia Lavonda. Aliangalia ng'ambo ya barabara, ile kamera chini ya paa, nukta yake ya kijani ikiwaka.

"Bi Ernestine, haki ya Mungu, sikujua."

"Najua hukujua. Ingiza mtoto ndani, uji unapoa."

Lakini Dunleavy alinyoosha mkono mlangoni. Alisema samahani, mtoto huyu asubiri kidogo, kuna mtu wa ofisi ya malezi ya watoto yuko njiani. Wakati wa kutazama picha za asubuhi ya Jumanne, kutafuta gari liliegeshwa saa ngapi, wenzake waliona watoto wakiingia. Walihesabu. Sheria yao inasema ukiona jambo linalohusu watoto, unaripoti.

"Kwa hiyo mliangalia asubuhi yote," Lavonda alisema.

"Ndiyo kazi yetu."

"Yangu je? Wiki tatu. Nimewapa sura ya mwizi. Nimewapa namba za gari lake. Mlishaangalia?"

"Hiyo ni idara nyingine."

"Idara nyingine iko wapi? Nitaenda kwa miguu. Gari mnajua halina masega, mliniandikia faini."

"Mama, punguza sauti."

"Sijapaza sauti bado."

Basi la saa kumi na mbili na dakika tano lilipita kona likiwa na taa zake za njano. Lavonda aliliona likienda. Pale kwenye dobi ya hospitali alikofanya kazi, zamu ikianza saa kumi na mbili na nusu, kulikuwa na utaratibu wa pointi za adhabu. Ukichelewa, nusu. Ukikosa zamu, moja. Zikifika saba, unarudisha kitambulisho na ufunguo wa kabati. Yeye alikuwa na sita. Ukichelewa zaidi ya saa mbili, kwa hesabu yao hukufika.

Mtu wa ofisi ya malezi alifika saa moja na robo. Alikuwa mwanamke mpole anayeitwa Halvorsen, na viatu vyake alivivua mlangoni ili asichafue zulia. Alisifu nyumba ilivyo safi. Alipiga magoti akawauliza watoto majina yao. Kisha akaandika saba. Bila leseni, alisema, sheria inaruhusu watoto wanne wasio wa familia.

"Basi nichague wanne," Bi Ernestine alisema. "Nisaidie. Onyesha kwa kidole watatu wa kutupa nje."

"Mama, mimi si mtunga sheria."

"Hapana. Wewe ndiye uliyeamka mapema kuja nayo."

"Unaweza kuomba leseni. Kuna mafunzo, ukaguzi wa zimamoto, mlango wa pili wa dharura. Miezi minane hivi, tisa."

"Nina miaka sabini na moja, binti. Nimelea watoto kwenye chumba hiki kabla wewe hujaota meno. Mmoja wao ni askari." Alimgeukia Dunleavy. "Siyo wewe. Wewe usingekuwa hivi."

Halvorsen alibandika karatasi nyekundu mlangoni, akailainisha kwa kiganja ili isikunjike. Ilisema hakuna mtoto atakayepokelewa kuanzia leo. Karatasi nyingine, ya kumwita mahakamani kwa ajili ya gari la binti wa diwani, Dunleavy alimpa Bi Ernestine mkononi. Wakaondoka. Tangu Halvorsen avue viatu, yote mawili yalichukua dakika hamsini. Hakuna mtu Tuxley aliyewahi kuona serikali ikifanya kazi haraka namna ile.

Lavonda alipiga simu dobini akiwa ameketi kwenye ngazi za Bi Ernestine, Zaria mapajani. Alimweleza msimamizi. Msimamizi alisikiliza mpaka mwisho, hilo Lavonda alimshukuru kwalo baadaye, kisha akavuta pumzi.

"Lavonda, mimi nakuelewa. Lakini mashine ndiyo inayohesabu. Ikifika saba inafunga kadi yenyewe."

"Nani anaifungua?"

"Hakuna anayeifungua. Leta ufunguo wa kabati Jumatatu."

Siku nzima kina mama walikuja, mmoja mmoja, na nguo za kazi, kuchukua watoto. Mmoja alilia. Mwingine alipita mbele ya Lavonda bila salamu, akasimama, akarudi hatua mbili.

"Ni kamera yako, sivyo?"

"Ni yangu."

"Hongera. Mtaa sasa uko salama."

Hakuna lililosemwa siku ile lililomchoma Lavonda kama hilo, kwa sababu aliyelisema alikuwa na haki ya kukasirika, na hakuwa na mwingine wa kumwonyesha hasira hiyo. Wale wenye haki ya kuipokea walikuwa wameshaondoka na magari yao yenye joto.

Saa kumi jioni alikwenda kwa Rogelio akaomba ngazi na bisibisi. Rogelio alizileta mwenyewe, akitembea nyuma yake, akibishana.

"Dada, usiwe na haraka. Ukiing'oa, wezi wataona."

"Gari langu halina masega, Rogelio. Waje wachukue nini?"

"Na magari ya wengine?"

"Kumi na moja yamekatwa kamera zikitazama. Umemwona nani amefungwa?"

Rogelio aliegemeza ngazi ukutani. Akaishika. "Ni mimi niliyewaambia mbonyeze," alisema baadaye, akiangalia chini. "Yale masharti mimi mwenyewe sikuyasoma."

"Nani angesoma kurasa kumi na nne?"

Skrubu nne. Ya mwisho ilikuwa imeganda, akaipulizia pumzi mpaka ikalegea. Kamera ilitoka ikiwa bado inawaka, ikamwangalia usoni. Aliitia mfukoni mwa koti.

Aliposhuka alimwona Bi Ernestine barazani kwake, ng'ambo. Alikuwa amekitoa rundoni kile kiti cha njano, amekipangusa theluji, na sasa alikuwa anapanda juu yake, bisibisi ya jikoni mkononi. Mguu wa kiti uliofungwa waya ulitetemeka.

Lavonda alivuka barabara mbio, akapiga goti, akakishika kiti kwa mikono yote miwili.

"Ungeniita."

"Nakuita leo? Umeshapata ya kukutosha." Skrubu ya kwanza ilidondoka kwenye theluji. "Kesho utampeleka wapi Zaria?"

"Sina kazi kesho. Nitakaa naye."

Bi Ernestine alitoa ya pili, ya tatu, ya nne. Aliposhuka, alimshika Lavonda begani kwa mkono mzito, akauacha pale kwa muda. Alimpa kamera bila kuiangalia.

Kisha akanyanyua kiti. Lavonda alidhani anakirudisha jikoni, akamfungulia mlango wenye karatasi nyekundu. Bi Ernestine hakuingia. Alishuka ngazi, hatua kwa hatua, mkono mmoja kwenye reli, akavuka kile kijia alichokichimba, akakiweka kiti katikati ya nafasi iliyo wazi, akakitikisa kuhakikisha kimesimama.

"Bi Ernestine," Lavonda alimwita. "Kesho hakuna anayekuja."

"Kikae," alisema. "Theluji nimechimba mimi."