Kopo Lililobonyea Kitako

Niliota usiku wa jana, na nasema mapema kabisa kwamba sikuwa nimevimbiwa. Nilikula wali na mchicha, nikalala vizuri tu.

Kwenye ndoto niko kazini, maabara ya kiwanda cha dawa, na mashine ananisalimia.

"Shikamoo, dada Hidaya."

"Marahaba," namjibu, maana ni mdogo kwangu. Ana miaka michache tu tangu anunuliwe. "Hujambo?"

"Sijambo. Keti. Siku hizi huna kazi."

Ni kweli. Kazi ya mashine huyu ni kutenganisha vilivyomo ndani ya dawa na kuvichora kwenye kompyuta, vilima vilima. Kilima kikubwa, dawa nyingi. Kilima kidogo, dawa haba. Lakini hajui kikubwa ni kipi mpaka kwanza umwonjeshe dawa safi ya kulinganishia, ile ambayo nguvu yake inajulikana. Zamani hesabu hiyo tuliifanya wenyewe. Mmoja anakokotoa, mwingine anakagua, tunabishana mpaka chai inapoa. Juzijuzi mwenzangu Shemboza akaielekeza kompyuta ifanye yote peke yake. "Weka vichupa, bonyeza, kanywe chai," alisema, na mimi nikampigia makofi.

"Leo tunapima nini?" namuuliza mashine.

"Dawa ya kifafa ya watoto. Ile inayosubiriwa."

Moyo unanilipuka. Dada yangu Mwajabu, kule Muheza, ana binti anaitwa Nuru, na Nuru ana kifafa. Dawa ikiwa sawasawa anacheza, anasoma, anasonga ugali. Ikipungua anaanguka, na kuanguka kwake hakuchagui mahali. Mkono wake wa kushoto una kovu la jiko la mkaa. Dawa hiyo imeadimika madukani, na Mwajabu kila akipiga simu ananiulizia mzigo mpya hata kabla ya salamu.

Sahani ya kuwekea vichupa inazunguka polepole. Vichupa havimo. Kwenye tundu la kichupa ameketi Nuru, amevaa sare ya shule, miguu inaning'inia. Juu ya kichwa chake iko sindano ya mashine, ile ya kunyonyea dawa vichupani.

"Shikamoo, mama mdogo," anasema.

"Marahaba, mwanangu. Shuka hapo."

"Wamesema nisitikisike."

Nageuka kutafuta swichi, na maabara haipo. Niko sokoni. Kabati la kemikali limekuwa meza ya mchele, friji anauza dagaa, na koti langu jeupe limelowa maji ya samaki. Hakuna anayeshangaa. Mashine amekaa juu ya gunia, sahani yake bado inamzungusha mtoto.

"Jizime!" namwambia.

"Siwezi. Mlitaka nisihitaji mtu, sasa simhitaji mtu."

Nyuma ya meza ya mchele yuko muuzaji, kopo la bati lililojifunga kanga. Namtambua mara moja. Ni ile chupa mpya ya dawa ya kulinganishia. Ya zamani iliisha jana mchana, Shemboza akafungua nyingine mimi nikiwa kwenye chai. Na kopo lenyewe, jamani, ni lile ambalo kila mwenda sokoni analijua, lililogongwa kitako kikaingia ndani. Unaliona limejaa mpaka pomoni, unashukuru, ukifika nyumbani mchele hautoshi hata watu wawili.

"Wewe umebonyea kitako," namwambia.

"Nimebonyea," anajibu, wala haoni haya. "Mwenzangu aliyeisha alikuwa mzima. Mimi nimekuja na maji ndani yangu, dawa yangu ni pungufu. Sijamficha mtu. Nimeandikwa tumboni."

"Kompyuta anajua?"

"Kompyuta anamjua mwenzangu. Mimi nani kanitambulisha?"

Hapo nikakumbuka. Siku zile za kukokotoa wenyewe, chupa mpya ikifunguliwa, mmoja wetu alikuwa lazima aisome lebo kwa sauti na mwingine aiandike nguvu yake kwenye hesabu. Shemboza alipenda kuisoma kwa sauti ya mtangazaji wa mpira, tukicheka. Tangu kompyuta ashike kazi hakuna aliyesoma kitu. Kumbe anahesabu kwa kopo zima, na lililo mezani limebonyea. Na kwa kopo lililobonyea, hata dawa haba inaonekana imejaa.

Sindano inashuka. Inamgusa Nuru utosini, inapanda. Kilima kinachorwa hewani, juu ya mapaa ya soko. Ni kifupi. Hata muuza dagaa anakiona kuwa ni kifupi.

"Anatosha," mashine anatangaza. "Amepita."

Nuru anashuka kwenye sahani, na mguu wake unapokanyaga chini si sokoni tena, ni jikoni kwa Mwajabu. Mkaa umekolea. Maji ya ugali yanachemka. Nuru kashika mwiko, na macho yake yanaanza kupanda juu. Nayajua macho hayo, nayaogopa kuliko kitu chochote duniani.

"Mshikeni!" Nataka kukimbia, lakini nimezama kwenye mchele mpaka magotini. "Dada! Mshike mtoto!"

Mwajabu amenipa mgongo, anakata vitunguu. "Acha wasiwasi, mdogo wangu," anasema. "Dawa yake si mmeipima nyinyi wenyewe?"

Nuru anaanguka.

"Mashine! Ameanguka!"

"Ameanguka, ndiyo," anasema kwa upole. "Lakini amepita."

"Ameangukia moto!"

"Moto sikuambiwa niupime."

Basi nikapandwa na wazimu. Nikalinyakua lile kopo, nikatia mchi ndani, nikaanza kukitwanga kitako kitoke. "Unaniumiza," likasema. "Nyamaza!" Natwanga, nalia, natwanga. Jikoni nasikia Mwajabu anaita jina la mwanawe. Kitako kikatoka nje kwa kishindo, nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Shuka chapachapa kwa jasho, mdomo mkavu. Nikajiambia, Hidaya, ni ndoto tu, amka upike uji. Nikaingia jikoni, nikachota unga kwa kopo langu la siku zote, nikaliweka mezani.

Likayumba.

Nikamwaga unga, nikaligeuza. Kitako kilikuwa kimetokeza nje, kimepigwa kutoka ndani. Jana yake nililiacha hapohapo mezani, na lilikuwa limekaa wima. Ninaishi peke yangu.

Uji sikupika. Nilimpigia Shemboza, jina lake kwenye simu nikalikosa mara ya kwanza.

"Shemboza, ile dawa ya kifafa."

"Ah, dada, umeamkaje? Hiyo imeshapita. Kompyuta kasema inatosha, gari linapakia sasa hivi."

"Nenda kwenye friji. Ile chupa mpya ya kulinganishia, nisomee tumboni imeandikwa nini."

"Sasa dada, ndiyo salamu hiyo?"

"Nisomee!"

Nikasikia anaguna. Nikasikia mlango wa friji, chupa zinagongana. Nilimngoja asome kwa ile sauti yake ya mpira. Hakusoma. Simu iliwekwa mezani, dirisha likafunguliwa kwa nguvu, na Shemboza akapiga kelele ambazo sijawahi kumsikia akizipiga.

"Dereva! Wewe dereva! Zima gari! Shusha! Shusha yote!"

Nilirudisha kopo mezani. Lilikuwa bado linayumba, linaelekea ukingoni. Nikalishika kwa mikono yote miwili lisianguke.