Mbegu za Majivuni

Moto uliuteketeza mlima nyuma ya nyumba ya Saluha kwa alasiri moja tu, na ulipozimika, kijiji chao huko Siliana kilinuka kama chungu kilichoungulia. Misonobari ilibaki imesimama, myeusi tii. Saluha alilia mpaka akaishiwa. Mlima ule ulimlisha mama yake, ukamlisha na yeye: kila mwaka waliangua matunda magumu ya misonobari, wakayachoma tanurini mpaka magamba yakafunguka, wakakung'uta mbegu na kuwauzia watu wa mjini, wanaozisaga wapike asida nyeusi, ule uji mzito mtamu wa Maulidi. Mumewe, Mnawer, alishasema wazi: mlima usiporudi, wanahamia Tunis akabebe zege.

Majivu yalipopoa, wifi yake Rebah alikuja na mafagio mawili.

"Wifi, acha kujiliza. Njoo uone Mungu alivyotuchomea bila kuni!"

Kweli. Moto uliyafungua matunda yakiwa bado mitini, na mbegu zilikuwa zimemwagika juu ya majivu, tele. Wanawake walikwisha kuinama, wanafagia, wanachekecha, wanataniana.

"Tusiziache zikaota?" Saluha aliuliza.

Kicheko kikawapasuka. "Zikaota! Wee, tangu uolewe ushaona mbegu ya tanuri ikaota?"

"Sijaona."

"Haya basi. Hizi zimeiva, wifi. Za kula hizi. Labda uzimwagilie hayo machozi yako."

Kila mtu pale alijua kwamba mbegu ikishaingia tanurini imekufa, hata ukiifukia kwenye samadi, na moto huu ulikuwa mkubwa kuliko tanuri lolote. Moyo wake ulikataa, lakini Maulidi yalikuwa yanabisha hodi na magunia yalikuwa matupu. Akainama. Kwa kufagia hakuna aliyemweza, na upande wake wa mlima aliuacha safi kama sakafu.

Nyumbani aliziosha mbegu, akayamwaga yale maji ya majivu nyuma ya banda la kuku. Wakauza. Zilizobaki wakapika, na asida ile, lazima isemwe, ilikuwa tamu.

Mvua za vuli zilipokolea, Saluha alikwenda nyuma ya banda kumtafuta kuku aliyekuwa akitaga ovyo. Chini ya ukuta, pale alipomwaga maji ya majivu, palikuwa na kijani. Akadhani nyasi. Akachuchumaa. Vilikuwa vimisonobari, vimesongamana, vingine bado vimevaa ganda la mbegu kichwani.

Tanuri lao huchoma kutwa nzima. Moto wa mlimani ulipita mbio, ukayafungua matunda, ukaenda zake, na ndani ya magamba yale manene mbegu haikuungua. Saluha alilielewa hilo papo hapo, amechuchumaa matopeni. Alijaribu kung'oa kimoja akakipande, mzizi ukakatika. Kuku nao walishaanza kuvidonoa.

Akapanda mlimani mbio. Alizunguka upande wake, akazunguka upande wa kina Rebah, akipekua kila ufa kwa vidole. Udongo ulikuwa mtupu, na mvua ilikuwa ikiuchukua.

Aliporudi, Mnawer alikuwa anakula.

"Bibie, umelowa chepechepe! Ulikuwa wapi?"

"Mlimani."

"Kuna nini huko?"

"Hakuna kitu," alisema Saluha. "Mlima ulikuwa hai. Tumeupika wenyewe, tukaumaliza."