Banda la Tisa

Swichi ya mtandao, kile kisanduku kinachounganisha nyaya za kompyuta, ikiwa nzima, taa zake hupepesa ovyo, kila moja kwa wakati wake. Asubuhi ile ya Machi 2003 zilikuwa zikipepesa zote kwa pamoja, haraka haraka, na nilijua kuna hitilafu kabla sijagusa chochote.

Nilikuwa fundi wa kompyuta kwenye shamba la maua chini ya Mlima Meru, njia ya Usa River. Zamani lilikuwa shamba la kahawa la serikali. Mwekezaji alipolinunua aling'oa mibuni, akajenga mabanda ya nailoni na kupanda waridi. Dawa ya wadudu ilipulizwa kwa pampu, na pampu iliamriwa na kompyuta. Dawa ile ikikukuta ndani ya banda, bora ungeumwa na nyoka. Mdogo wangu Simaloi alikuwa mkata maua wa banda la tisa. Kazi hiyo nilimtafutia mimi. Nilimtoa nyumbani Oldonyo Sambu kwa maneno yangu matamu, nikimwahidi mama kwamba nitamtunza.

Mtandao niliujenga kwa kiburi. Swichi ilikuwa moja, lakini ndani yake niligawa mitandao pepe miwili, mmoja wa ofisi na mwingine wa mabanda, ili ya huku yasiguse ya kule. Ukuta huo ulikuwa wa mipangilio tu. Mashine na nyaya zilikuwa zile zile. Swichi ilikuwa pia na kinga ya kuzuia ujumbe usizunguke bila mwisho. Niliizima, kwa sababu bosi alilalamika kwamba kompyuta yake inachelewa nusu dakika kila akiiwasha. Nusu dakika! Nami nikasema ndiyo, mzee.

Siku hiyo tulitarajia wanunuzi kutoka Uholanzi. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone; wetu walikuwa hawajatua hata uwanja wa ndege wa KIA, na mwenyeji kashaanza kuumwa. Tangu alfajiri ofisi ilifagiliwa na kupangwa, na ilipofika saa moja mtandao ukafa.

Manase, mwendesha pampu, alikuwa kwenye kompyuta yake, chumba kimoja na swichi.

"Lesian, banda la tisa halikubali," alisema. "Nimebonyeza kupuliza mara sita."

"Acha kubonyeza."

Msimamizi wa wakata maua, Romanus, akachungulia mlangoni. "Kama leo hakuna dawa, nashusha bendera nyekundu ya kuzuia watu banda la tisa. Akina mama waingie wakate, ndege ni saa nane."

"Shusha tu," Manase akamjibu.

Mimi nilikuwepo. Maneno yaliingia sikio hili, yakatokea la pili, maana kichwa changu chote kilikuwa kwenye nyaya. Kwa hilo sijajisamehe.

Nikamwita katibu muhtasi, Pudensiana. "Dada, umegusa waya wowote leo?"

"Sijagusa kitu. Ule waya uliokuwa unaburutika chini, ncha moja ukutani, nyingine sakafuni, nimeichomeka hiyo ya pili kwenye tundu la pembeni yake, ukutani hapo hapo. Wageni wangetuonaje?"

Nilicheka kwa furaha. Ujumbe ulikuwa unatoka tundu moja unarudi kwa lingine, kila mzunguko unaongezeka, mpaka swichi nzima ikazibwa, ukuta wangu wa mipangilio pamoja nayo. Nikachomoa kebo ya ofisi yake. Taa zikatulia, zikaanza kupepesa ovyo, nikajiona mwanaume.

"Imekubali!" alisema Manase.

"Nini imekubali?"

Manase alinyoosha kidole kwenye skrini. Kutoka nyumba ya pampu, mita mia tatu, niliisikia ikinguruma.

Programu ile haikufuta amri. Amri isipofika, iliwekwa kwenye foleni mpaka njia ipatikane, na njia nilikuwa nimeifungua mimi. Manase akabonyeza kusimamisha. Pampu ikanyamaza, kisha ikanguruma tena, kwa amri ya pili. Akabonyeza tena. Ikaja ya tatu.

Nilikimbia nikaizime kwa mkono. Nilipopita banda la tisa, nailoni ilikuwa imegeuka nyeupe kwa ndani, na viganja vya watu vilikuwa vikiipiga. Sikusimama. Nilijua nikisimama kumtafuta mmoja, wote watakwisha.

Walitoka kumi na mmoja kwa miguu yao, wakikohoa. Simaloi alibebwa.

Siku ya tatu hospitalini alipata sauti. Macho yalikuwa yamefungwa bandeji, na daktari alikuwa amekwisha kuniambia kwamba jicho la kushoto tusilitegemee. Aliupapasa mkono wangu mpaka akaupata.

"Kaka," alisema, "nani aliwasha pampu na sisi tuko ndani?"

Wenzake walikuwa wamemwambia ni mashine. Ningeweza kusema hivyo hivyo.

"Ni mimi," nikamwambia.

Akauachia mkono wangu.